Mtoto wa Mwaka Mmoja Ale Kiasi Gani? Mafunzo Niliyopata Nakivale na Bwizibwera

Mtoto aliyetimiza mwaka na bado ananyonya, ale chakula kiasi gani? Nimeulizwa swali hili kwenye bomba la maji, kwenye foleni ya mgao, na ndani ya teksi zinazotoka Mbarara kwenda Ibanda na kutushusha njiani Bwizibwera. Wanaouliza ni Wakongo wenzangu, Warundi, Wanyarwanda, na siku hizi hata majirani Wanyankole tunaoelewana nao kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kinyankole. Kila mmoja huja na jibu alilotoka nalo kwao. Bibi wa Kikongo atakuambia huyo ni mtu tayari, apewe bugali kama wengine. Jirani wa Ankole atasema maziwa ya ng'ombe yanamtosha. Dada aliyefika juzi kutoka Masisi, Kongo, atasema mtoto ananyonya, basi wasiwasi wa nini?

Mimi nimelea wanangu katika majiko matatu. La kwanza lilikuwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako ndagala hazikukosekana. La pili lilikuwa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilayani Isingiro tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako chakula kilipimwa kwa kilo kwa kila kichwa. La tatu ni hili la Bwizibwera, ambako matoke na maziwa ni vingi kuliko pesa za kuvinunulia. Nakivale nilijitolea pia katika timu ya afya ya kijiji, VHT kama wanavyoiita Uganda, nikipita nyumba kwa nyumba na mkanda wa kupimia mkono. Haya niliyojifunza mengine nimeyatoa kwa wauguzi, mengine kwa wamama, na mengine kwa watoto wenyewe, ambao ndio walimu wagumu kuliko wote.

1. Ziwa bado lina kazi, ila haliimalizi peke yake

Utasikia mahali pengi kwamba mtoto akifika mwaka, maziwa ya mama yamekuwa maji. Hesabu za Shirika la Afya Duniani zinasema vingine. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili huhitaji takriban kalori 900 kwa siku. Akinyonya vizuri, ziwa humpa kama 350. Zilizobaki, 550 hivi, zitoke kwenye sahani.

Nimezishika namba hizi kichwani kwa sababu zinamaliza ubishi wa pande zote mbili. Anayesema ziwa halina maana tena anatupa zaidi ya theluthi ya chakula cha mtoto, tena chakula kisichonunuliwa, kisicholala kikachacha, kisichotaka kuni. Anayesema ziwa linatosha anamnyima mwanawe sehemu iliyo kubwa zaidi.

Kuna namba nyingine ambazo wamama wengi hawaambiwi. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji kalori 200 tu kutoka kwenye chakula. Wa miezi tisa hadi kumi na moja, 300. Halafu akigonga mwaka, zinaruka hadi 550. Ni karibu mara mbili, kwa ghafla. Hapo ndipo nimeona watoto wengi wanaachwa nyuma Nakivale: mama alianza vizuri, uji ulikuwa mzuri, mtoto alinawiri, lakini kibakuli cha mwezi wa tisa kikabaki kilekile mpaka mwezi wa kumi na tano.

Mama akipata mimba nyingine, wengi humwachisha mtoto siku hiyohiyo wakisema maziwa yameharibika. Hayaharibiki. Mama mwenye afya na mimba isiyo na matatizo anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi yeye mwenyewe ale zaidi. Wataalamu wanashauri mtoto anyonye mpaka miaka miwili na kuendelea, na ni mwaka huu wa pili ambapo mtoto aliyeachishwa ghafla huanza kuvimba miguu.

2. Kipimo ni nusu ya tumpeko, na kirudiwe mara kwa mara

Jibu la wauguzi ni hili: robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima cha mililita 250, mara tatu au nne kwa siku, na katikati ya milo kitu kidogo cha kutafuna mara moja au mbili. Nani kati yetu ana kikombe cha mililita 250 nyumbani? Tulicho nacho ni tumpeko, kile kikombe cha bati cha nusu lita kinachonywewa uji Uganda nzima. Kwa hiyo nilikuwa nawaambia wamama: nusu ya tumpeko, kila mlo. Wengine walichora mstari kwa msumari upande wa ndani ili hata mtoto mkubwa anayebaki na mdogo wake ajue pa kufikia.

Mtoto mkubwa huyo ni muhimu kuliko semina zote. Mama akienda leja leja, yaani kibarua, kwenye mashamba ya watu, anatoka alfajiri na kurudi jua likizama. Akirudi hujaza sahani kwa huruma, mtoto anakula robo, analala. Halaumiki mtoto. Tumbo lake hubeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya mwili. Mwenye kilo tisa anaweza gramu 270 hivi kwa wakati mmoja, basi. Huwezi kumlipa jioni deni la asubuhi na mchana. Afadhali kumwelekeza dada yake wa miaka tisa apashe chakula saa saba mchana kuliko kupika sufuria kubwa usiku.

Siku ya kawaida kwangu Bwizibwera huenda hivi: uji mzito asubuhi, saa nne, nusu ya parachichi au ndizi mbivu, mchana matoke au viazi vilivyopondwa na maharage, alasiri yai la kuchemsha kama lipo, jioni chakula cha nyumba nzima. Ziwa huingia katikati, na usiku kila anapotaka. Wengi huuliza kipi kitangulie, chakula au ziwa. Mimi, baada ya mwaka, hutanguliza chakula mtoto akiwa na njaa, kisha ziwa. Lakini akililia ziwa kwanza simgombezi. Atakula baadaye.

3. Uji unaotiririka ni njaa iliyovikwa kikombe

Ningeruhusiwa kufundisha somo moja tu Nakivale, ningefundisha hili.

Unga wa mahindi una takriban kalori 360 kwa kila gramu 100. Uji mwepesi, ule wa kunywa kwa kikombe, huwa na kama gramu 10 za unga ndani ya mililita 100. Zidisha mwenyewe: kikombe kizima cha mililita 250 kina kalori 90. Ili mtoto apate zile 550 kwa uji huo, inabidi anywe vikombe sita, karibu lita moja na nusu. Hakuna tumbo la mwaka mmoja linaloweza hilo, na mtoto akijaribu hatapata nafasi ya kunyonya. Ndiyo maana unakuta mtoto tumbo limejaa, anacheua, mama anaapa kwamba anakula sana, na mkanda wa mkono unasoma njano, rangi ya onyo.

Uji huohuo ukipikwa kwa unga mara mbili zaidi, hadi ubaki juu ya kijiko ukikiinamisha, kikombe hufika kalori 180 au zaidi. Ongeza kijiko cha chakula cha karanga zilizosagwa, ambacho kina kalori karibu 95, au kijiko cha chai cha mafuta, kama 45, na kikombe kimoja kinafanya kazi ya viwili na nusu hadi vitatu. Na tumbo la mtoto halikulazimika kubeba hata tone zaidi.

Wamama hujitetea kwamba uji mzito humkaba mtoto au humfunga choo. Nimewaelewa. Aliyezoeshwa maji hukataa kutafuna. Lakini kwa umri huu ameshapata meno na taya linataka kazi. Mzidishie uzito kidogo kidogo, kwa wiki mbili hivi, atazoea.

Kuna njia nyingine, ya zamani, na iko mikononi mwa Wanyankole wenyewe. Wanapopika bushera hutumia unga wa mtama au ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Kimea hiki kina nguvu ya kuvunja wanga. Chukua uji mzito kabisa, mzito kama bugali laini, uache upoe mpaka uwe vuguvugu, koroga kijiko cha unga wa kimea, subiri dakika chache. Uji unalegea mbele ya macho yako, ila unga wote bado umo. Urudishe motoni uchemke ndipo umpe mtoto. Tanzania, katika miaka ya 1980, wataalamu wa lishe walilifanyia utafiti jambo hili na kulipeleka vijijini kama njia ya kumfikishia mtoto chakula kingi ndani ya uji mdogo. Mimi nililipata kwa mzee wa Kinyankole anayeuza unga sokoni, aliyeshangaa kwamba mtu anahitaji kufundishwa kitu hicho. Tahadhari moja: bushera iliyochachuka siku kadhaa ni pombe. Hiyo si ya mtoto.

Masoso, ule mchanganyiko wetu wa mahindi, soya na mtama, ambao wengine wanauita sosoma, ni mzuri kuliko mahindi matupu. Lakini masoso mepesi bado ni maji. Nimeona mama akinunua kilo ya masoso ya bei juu, kisha anaipika nyepesi ili idumu mwezi mzima. Pesa imetoka, mtoto hajala.

4. Mtoto awe na sahani yake

Sisi ni watu wa sinia moja. Napenda sinia, linafundisha watoto adabu na kugawana. Ila mtoto wa mwaka mmoja, akikaa na ndugu zake watano, hushindwa kabla hajaanza. Anashika tonge, linaanguka, analiokota, na sinia limekwisha. Mama aliyeketi pembeni anaamini wote wamekula.

Mpakulie peke yake, kwenye kisahani chake, kabla ya wengine. Hapo ndipo utajua kwa macho yako amekula kiasi gani, na swali la kichwa cha makala hii linajibika. Bila sahani yake, vipimo vyote nilivyotaja ni hadithi. Akishashiba, mwache aende kudokoa kwenye sinia akacheze na wenzake.

Karanga nzima, punje za mahindi ya kuchoma, vipande vikavu vya nyama: usimpe. Vinaingia njia ya pumzi. Saga, ponda au chambua.

5. Chuma hakimo kwenye bugali

Kalori hujaza tumbo, lakini mtoto anaweza kushiba na bado akawa mweupe viganja. Baada ya miezi sita akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inaisha, na maziwa ya mama yana chuma kidogo sana. Katika mwaka wa pili, karibu chuma chote anachohitaji lazima kitoke kwenye chakula. Bugali hauna cha kutosha. Matoke hayana. Mihogo hata usiiulize.

Kwa Waganda jibu lina jina: kitobero. Lilienezwa na kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, hospitali ya Mulago, Kampala, kilichoanzishwa mwaka 1965 ili kuwatibu watoto wenye utapiamlo kwa chakula cha kwao badala ya dawa za kigeni. Unachukua chakula cha kushibisha, matoke au viazi au bugali. Unaongeza maharage au karanga zilizopondwa. Unaongeza kitu cha mnyama, mukene waliosagwa, nyama iliyokatwakatwa sana au yai. Unatia mboga ya majani. Unafunga vyote kwenye jani la mgomba na kupika kwa mvuke juu ya chakula cha familia. Sufuria moja, moto mmoja. Mama hapiki mara mbili. Nimejaribu kwa njia nyingi na ninasema wazi kwamba hakuna mlo wa mtoto uliobuniwa kwa akili zaidi katika eneo hili la Maziwa Makuu.

Mukene ni wale dagaa wadogo wakavu wa Ziwa Victoria, wanaofanana na ndagala zetu. Wauzaji wa Mbarara huwauza kwa kikombe. Wapepete mchanga, waoshe, wakaushe tena, wachome kidogo kwenye kikaango kisichotiwa mafuta, wasage wakiwa na vichwa na mifupa, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Kijiko cha chai kimoja au viwili kwenye kila mlo. Mtoto hapati mfupa wa kumkwama, na chuma, kalsiamu na protini vinaingia bila kelele. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema mtoto wa umri huu ale kitu cha mnyama, nyama, samaki au yai, kila siku. Kwa familia ya mgao neno "kila siku" linachekesha, lakini kwa unga wa mukene linawezekana.

Dodo, ambalo sisi Wakongo tunaliita lengalenga, humea lenyewe nyuma ya choo na kando ya mfereji. Chuma chake huingia mwilini vizuri zaidi likisindikizwa na tunda lenye vitamini C, kama pera, embe au chungwa. Sombe, majani ya mihogo, pia ni nzuri, ikitwangwa vizuri na kupikwa muda mrefu mpaka sumu ya majani itoke. Chai, ya rangi au ya maziwa, usimpe mtoto huyu wakati wa chakula. Inazuia chuma kisiingie. Najua inauma, maana mandazi na chai ndiyo asubuhi ya nyumba nyingi. Mpe andazi, mnyime chai.

6. Maziwa ya Ankole ni neema yenye mpaka

Tulipohamia Bwizibwera niliona jambo nisilolitarajia. Hapa ng'ombe ni wengi, maziwa yanapita asubuhi kwa bodaboda yakiwa kwenye makopo ya alumini, ndizi zinaning'inia kila ua, na bado watoto wafupi kuliko umri wao wapo. Uganda nzima, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 26 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Magharibi ya nchi, ghala la chakula la taifa, haikusalimika.

Sababu moja ninaiona kwa jirani zangu. Mtoto hunywa tumpeko ya maziwa asubuhi, nyingine mchana, nyingine jioni. Amejaa. Chakula hakitaki. Maziwa ya ng'ombe yana protini na kalsiamu nzuri, lakini chuma ni kidogo mno, na yakizidi yanaziba nafasi ya maharage na nyama. Mtoto anayenyonya bado hayahitaji kwa wingi. Tumpeko moja kwa siku ni nyingi tayari, yachemshwe, na yaje baada ya chakula. Kupikia uji maziwa badala ya maji ni matumizi bora kuliko kuyanywa.

7. Mgao ukikatwa, kibakuli kidogo kilindwe kwanza

Itakuwa kejeli kuzungumzia robo tatu ya kikombe bila kusema chakula kinatoka wapi. Mwaka 2020 Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ulikata mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30 kwa kukosa pesa za wafadhili. Mwaka 2021 ukakatwa tena. Mwaka 2023 watu wakapangwa kwa makundi kulingana na uhitaji: wengine wakabaki na asilimia 60, wengine 30, na wengine wakaondolewa kabisa. Nyumba zilizokuwa zinakula mara mbili zikarudi mara moja.

Katika hali hiyo niliona kitu kimoja kilichonipa moyo na kimoja kilichonikasirisha. Kilichonikasirisha: sehemu nyingi baba ndiye hupakuliwa kwanza, na mchuzi mzito ni wake. Mtoto hupata maji ya maharage. Maji ya maharage yana rangi, hayana maharage. Kilichonipa moyo ni kwamba kiasi anachohitaji mtoto wa mwaka mmoja ni kidogo sana kikilinganishwa na cha nyumba nzima. Kiganja cha maharage yaliyopondwa, kijiko cha mafuta, kijiko cha mukene. Mtu mzima akiacha matonge mawili, mtoto ameshiba. Wazee wetu wa kiume wakielezwa hivyo mbele ya mkunga au mchungaji, wengi hukubali bila kinyongo. Shida ni kwamba huwa hawaelezwi. Tunawaita wamama peke yao kwenye mafunzo.

Wenye mgao wa pesa taslimu wana mtego mwingine. Unga huonekana, kwa hiyo pesa yote hununua unga. Mafuta na karanga huonekana anasa. Kwa mtoto huyu ni kinyume: afadhali unga upungue kilo moja, ipatikane chupa ndogo ya mafuta.

Bustani ya gunia nyuma ya nyumba, yenye dodo na sukuma wiki, haishibishi, ila mboga ya mtoto haikosi. Kuku wawili nao, wasipoibwa, hutoa yai.

8. Mtoto akikataa, hajakuasi

Baada ya mwaka hamu ya chakula hushuka, na wamama hutishika. Iko sababu ya wazi. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa wastani hufika kilo 9.6 akiwa na mwaka mmoja na 12.2 akiwa na miwili; wa kike 8.9 na 11.5. Mwaka wa kwanza aliongeza zaidi ya kilo tano. Wa pili ataongeza mbili na nusu hivi. Mwili wenyewe umepunguza mwendo. Tena ameanza kutembea, dunia ni kubwa, nani atakaa chini kula?

Kumbana pua na kummiminia uji, kama tulivyofanyiwa wengi wetu na shangazi zetu, kunampalia na kumfundisha kuogopa kijiko. Kaa naye, mtazame, msemeshe, mpe kijiko chake achezee, subiri. Akigeuza kichwa mara ya tatu, ondoa, urudi baada ya muda. Kazi yako ni kuweka chakula kizuri mbele yake kwa wakati. Tumbo ni lake.

Ugonjwa ni suala jingine. Akiwa na malaria au kuhara, nyonyesha zaidi na umpe kidogo kidogo mara nyingi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili. Watu husahau wiki hizo mbili, na mtoto anaingia homa ya pili akiwa hajarudisha alichopoteza katika ya kwanza.

Na uji usikae. Ule uliopikwa alfajiri ukaachwa kwenye sufuria mpaka mchana ni mwaliko wa kuhara. Baada ya saa mbili, uchemshe upya au uumwage. Mikono kwa sabuni, ya mama na ya mtoto.

9. Macho hudanganya, mizani na mkanda havidanganyi

Mtoto aliyevimba kwa utapiamlo huonekana mnene. Mtoto mwembamba wa ukoo mrefu huonekana mgonjwa na kumbe mzima. Kwa hiyo pima. Kipimo cha kwanza kiwe kadi: kila mwezi kilo ziandikwe, na mstari uwe unapanda. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo, chakula hakitoshi, haijalishi sahani imejaa kiasi gani. Aprili na Oktoba, siku za afya ya mtoto Uganda, mpeleke apate vitamini A na dawa ya minyoo. Minyoo hula kabla yake.

Mkanda wa mkono uko kwa VHT wa kijiji chako na katika kila kituo cha afya, Nakivale na hata hapa Bwizibwera. Kijani ni sentimita 12.5 na kuendelea. Njano ni kati ya 11.5 na 12.5. Chini ya 11.5 ni nyekundu. Bonyeza pia mguu wake kwa kidole gumba, miguu yote miwili, kwa sekunde chache; shimo likibaki, huo ni uvimbe.

Ukiona njano, anza leo kuzidisha uzito wa uji na mafuta, na umpeleke akapimwe. Ukiona nyekundu, au shimo mguuni, usingoje siku ya mgao wala ruhusa ya baba mkwe. Mbebe uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Matibabu ya utapiamlo katika vituo vya serikali hayalipiwi.